Kipo, Lakini Je, Kinafanya Kazi?

Hii ni hotuba niliyoitoa Chake Chake mbele ya wafanyakazi wa maabara, wakunga, walimu wa sayansi na vijana wanaosomea afya. Waliozuiliwa na mvua wakiwa Micheweni na Mkoani waliomba niiweke yote, nami nimeiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, wakunga wetu, wanangu wa maabara, hamjambo? Ahsanteni kwa kuja. Najua huu ni msimu wa karafuu, na wapo humu ndani walioacha mikarafuu haijachumwa wakaja kunisikiliza mimi. Sitawacheleweshea kazi zenu.

Nilipotajiwa mada hii kijana mmoja aliniambia, "Maalim, kingamwili ya kutambua kimeng'enya cha kugandisha damu? Watu watasinzia." Nikamjibu: wakisinzia nitawaamsha kwa habari za damu isiyosimama.

Kichupa nilichoshika hiki ndani yake mna matone machache tu, na bei yake ni mamia ya dola. Lebo inasema hivi: kingamwili ya panya, inatambua fakta ya tisa ya binadamu, ihifadhiwe nyuzi 20 chini ya sifuri. Chini kabisa, kwa herufi ndogo ambazo wengi hatuzisomi, imeandikwa: kwa utafiti tu. Maana yake jibu lake usimpelekee mgonjwa.

Fakta ya tisa ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi mwilini, kimojawapo kati ya vile vinavyoifanya damu igande. Kingamwili ni protini ya kinga ya mwili inayotambua kitu kimoja maalumu, na hii inakitafuta kimeng'enya hicho na kukishika. Swali langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mchoke. Kingamwili ikisema kimeng'enya kipo, sawa, kipo. Lakini je, kinafanya kazi?

Tuanze nyumbani. Mtoto wa kiume ametahiriwa. Wenzake damu imesimama, wanatembea na vikoi vyao, wanapewa zawadi. Huyu damu inachuruzika, inasimama, na usiku inaanza tena. Kitambaa kinabadilishwa, kinalowa, kinabadilishwa. Lawama zinakwenda wapi? Kwa ngariba na kisu chake. Zikitoka hapo zinakwenda kwa jirani mwenye jicho. Nani kati yetu anamgeukia mama na kumuuliza, "Mwanangu, kaka zako wako salama? Yupo mjomba wa mtoto huyu aliyewahi kutokwa damu namna hii?"

Mjomba, jamani. Muulizeni mjomba! Ugonjwa huu, hemofilia, unapita kwa mama na kumdhihirikia mtoto wa kiume. Mama anaubeba na aghlabu hana dalili yoyote kubwa, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Baba wa mtoto anaweza kuwa na damu nzuri kabisa, na watoto wa mke mwenzake wote wazima. Ndiyo maana ukoo wa baba ukichunguzwa peke yake haonekani mtu.

Wala jambo hili halikuanza kujulikana jana. Abul-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyefariki mwaka 1013, aliandika habari za wanaume wa kijiji kimoja ambao wakijeruhiwa damu yao haisimami mpaka wafe. Aliwaona, akawaandika, akajua ni jambo la kwao wao. Alichokosa ni njia ya kuingia ndani ya damu na kuuliza: nani hayupo?

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Hemofilia ya kukosa fakta ya nane, mwenzake fakta ya tisa katika kugandisha damu, inampata mtoto mmoja wa kiume katika kila 5,000 hivi. Ile ya kukosa fakta ya tisa, mmoja katika kila 30,000 hivi. Sensa ya 2022 imehesabu Wazanzibari 1,889,773, na karibu nusu yao ni wanaume. Gawanyeni. Visiwani kwetu tunatarajia wanaume wapatao 180 wa aina ya kwanza na 30 wa aina ya pili. Mnawajua wangapi? Mimi pia. Waliobaki wako wapi? Wapo wenye magoti yaliyovimba wakiambiwa ni baridi yabisi. Wapo waliozikwa wadogo.

Mpaka kufikia mwaka 1952 watu wengi walidhani hemofilia ni moja. Mwaka huo mtoto wa miaka mitano, Stephen Christmas, aliyezaliwa London na kuhamia Canada na wazazi wake, alikuwa Uingereza kwa matembezi. Christmas ni jina la ukoo wake. Damu yake ikapelekwa Oxford kwa Rosemary Biggs na Robert Macfarlane. Wakafanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa maabara aliyekaa humu ana uwezo wa kulifanya: walichukua damu ya hemofilia na kuichanganya na damu ya hemofilia.

Fikirini. Damu mbili, zote mbili haziwezi kuganda. Ukichanganya mbovu na mbovu unategemea nini? Ikaganda! Ikaganda kwa sababu huyu alikosa kitu alichokuwa nacho yule, na yule alikosa kitu alichokuwa nacho huyu. Kwa hiyo magonjwa ni mawili. Kitu alichokikosa Stephen ndicho tunachokiita leo fakta ya tisa, na ugonjwa ukapewa jina la mtoto. Taarifa ilichapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza tarehe 27 Disemba 1952, na naamini mhariri aliyeipanga wiki hiyo ya Krismasi alikuwa anacheka peke yake.

Kimeng'enya hiki kinatengenezwa na ini, na ini haliwezi kukikamilisha bila vitamini K. Kinazunguka kwenye damu kimelala. Unapokatwa kisu jikoni, wenzake wanakikata mahali maalumu, kinaamka, kinashikana na fakta ya nane na kuiamsha fakta ya kumi. Hapo thrombini inazalika kwa wingi, nyuzi za fibrini zinafumwa, damu inaziba. Hatua ni nyingi na wanafunzi wanazikariri kwa machozi. Leo sitawatesa nazo.

Ila jueni kiasi chake. Mililita moja ya plazma, yaani maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, ina protini za kila namna zipatazo miligramu 70. Fakta ya tisa humo ni mikrogramu 5 hivi. Yaani katika kila sehemu 14,000 za protini, sehemu moja tu ndiyo unayoitaka. Utaipataje?

Hapo ndipo kingamwili inapoitwa, na naomba muichukulie kuwa ni shahidi. Umati umejaa uwanjani, na shahidi huyu anamjua mtu mmoja tu kwa sura. Unamwingiza, anapita kati ya 14,000, anamshika mkono anayemjua, anasema: huyu hapa. Shahidi huyu tumeweza kumpata bila mwisho tangu mwaka 1975, pale Georges Köhler na César Milstein walipokuwa Cambridge wakaunganisha seli ya panya inayotoa kingamwili na seli ya saratani isiyokufa. Seli iliyozalika ikaendelea kugawanyika na kutoa kingamwili ya aina moja, ile ile, siku zote. Mwaka 1984 wakapewa Nobeli.

Mnadhani haya ni mambo ya ng'ambo? Kila mmoja wenu amekwisha kuyaona kwa macho. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha kuchomwa kidole, tone moja la damu na maji yake, ukasubiri mistari: ile mistari ni kingamwili. Kingamwili imekaa kwenye karatasi ikisubiri protini ya kimelea ipite, ikipita inaidaka, mstari unatokea.

Na kipimo hicho hicho kimeshatufundisha somo la leo, sijui kama tulilisikia. Mtoto ameumwa malaria, amepewa dawa mseto, amepona, anacheza. Wiki mbili baadaye ana mafua, mama anamrudisha kituoni, anachomwa kidole, mistari miwili! Mama anachanganyikiwa: dawa haikufanya kazi? Dawa imefanya kazi, bibi. Vimelea vimekufa. Ila protini yao inabaki kwenye damu kwa wiki kadhaa, na shahidi wetu anaijua protini, uhai haujui. Ukimuuliza ipo, atasema ipo, na hajasema uongo. Ni wewe uliyemuuliza jambo moja ukamwandikia jengine.

Sasa turudi kwenye kuganda kwa damu, na hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo.

Nina watu wawili wa kuwaeleza. Wa kwanza anatoka katika ukoo uliochunguzwa Chapel Hill, Marekani. Fakta ya tisa yake, kwenye nafasi ya 145 ya mnyororo wake, kiungo kimoja, yaani asidi amino moja, kimebadilika: palipotakiwa kuwa na arjinini pamekuwa na histidini. Kiungo kimoja kati ya 415. Lakini nafasi hiyo ndiyo wenzake wanapokikatia ili kiamke. Hapakatiki. Kimeng'enya kinatengenezwa, kinamwagwa kwenye damu kwa wingi wa kawaida kabisa, kinazunguka, hakiamki sawasawa. Mwenye nacho ana hemofilia.

Wa pili ni kijana wa Italia mwenye umri wa miaka 23, madaktari wa Padua waliandika habari zake mwaka 2009. Huyu naye ana kiungo kimoja kilichobadilika, nafasi ya 338, arjinini imekuwa leusini. Kimeng'enya chake kinafanya kazi karibu mara nane ya cha mtu wa kawaida. Damu yake ikagandia ndani ya mshipa wa mguu, hana jeraha, hana lolote.

Watu wawili. Mmoja damu haigandi inapotakiwa, mwengine inaganda isipotakiwa. Haya, chukua damu zao, zipeleke kwa kingamwili, uliza kiasi cha fakta ya tisa. Jibu la wa kwanza? Kawaida. Jibu la wa pili? Kawaida. Ungekuwa na karatasi hizo mbili mkononi, bila ya kuwaona wenyewe, ungewatofautisha vipi?

Kipo? Kipo. Kinafanya kazi? Hapo shahidi ananyamaza, kwa sababu hakuulizwa wala hajui.

Huyo kijana wa Padua, kwa njia, ameacha jambo kubwa nyuma yake. Watafiti walijiuliza: ikiwa kimeng'enya chake kina nguvu mara nane, kwa nini tusiwape wagonjwa wa hemofilia jeni hilo, yaani maelekezo ya mwili ya kukitengeneza, ili kidogo kitakachozalika kitoshe? Novemba 2022 Marekani iliidhinisha tiba ya jeni ya kwanza ya hemofilia hii, na jeni lililomo ndani ni hilo la Padua. Dozi moja ilitangazwa kwa dola milioni 3.5. Nimewasikia mlivyoguna! Gunieni, mna haki. Lakini oneni pia kwamba kumpima mgonjwa wa tiba hiyo kwa kingamwili peke yake ni kumpunja, maana kingamwili itahesabu kidogo wakati kazi inayofanyika ni kubwa.

Na msidhani ni lazima uzaliwe na jeni la Chapel Hill. Hali hiyo tunaitengeneza wenyewe kila siku hospitalini. Wale wagonjwa wetu wa moyo waliotiwa vali, wanaokunywa warfarini, dawa mnayoiita ya kufanya damu iwe nyepesi: warfarini haimalizi fakta ya tisa. Inazuia vitamini K isifanye kazi yake, ini linatoa fakta ya tisa ambayo haikukamilika, haiwezi kushika kalsiamu, kwa hiyo haiwezi kusimama mahali pake pa kazi. Ipo, haifai. Kingamwili inayoshika upande mwengine wa protini itaihesabu bila ya wasiwasi. Ndiyo sababu mgonjwa huyo tunampima muda wa damu yake kuganda, na ndiyo sababu anaambiwa asiwe leo anakula kisamvu na mchicha sahani nzima, kesho hagusi. Vitamini K imo humo kwenye majani. Ale, lakini kwa kiwango kimoja.

Wakunga, na nyinyi: ile sindano ya vitamini K ya paja mnayompiga mtoto akishazaliwa ni habari hii hii. Mtoto anazaliwa na akiba ndogo mno ya vitamini K. Halafu hata akiwa mzima wa afya, fakta ya tisa yake wakati wa kuzaliwa ni karibu nusu ya mtu mzima, na inachukua miezi kupanda. Kwa hiyo kijana wa maabara akikuletea jibu la mtoto wa siku mbili, na pembeni limewekwa alama nyekundu "chini", muulize: chini ya nani? Chini yangu mimi mzee, au chini ya watoto wenziwe?

Haya, shahidi tumemsikiliza. Katika dini na katika sheria, shahidi haletwi barazani akaaminiwa hivi hivi. Tunauliza: anajulikana? Aliona mwenyewe? Hana jamaa anayefanana na mtuhumiwa? Mbona kingamwili tunaiamini kwa sababu tu imekuja na barafu kavu na lebo ya rangi?

Mwaka 2015 Andrew Bradbury na Andreas Plückthun, wakiungwa mkono na wanasayansi wengine zaidi ya 100, waliandika katika jarida la Nature kwamba kingamwili zisizotambua kinachodaiwa zinaiharibu sayansi. Walikadiria dola milioni 800 zinapotea kila mwaka duniani kwa ajili hiyo. Hao ni watu wenye maabara zenye kila kitu. Sisi ambao tukinunua kichupa kimoja bajeti ya robo mwaka inapumua kwa shida, tuna sababu zaidi ya kuwa wagumu wa kuamini.

Kwa fakta ya tisa kuna mtego wa wazi. Ina ndugu. Fakta ya pili, ya saba, ya kumi na protini C, zote zimetoka katika ukoo mmoja, zote zinategemea vitamini K, na sehemu ya mwanzo ya mnyororo wao inafanana sana. Kingamwili iliyofunzwa ovyo itamshika ndugu na kuapa kwamba ndiye. Utajuaje? Mpe plazma ambayo kwa yakini haina fakta ya tisa, ndugu zake wote wamo. Akisema "yupo", mtoe nje.

Tena wapo mashahidi wenye masharti. Kuna kingamwili za fakta ya tisa ambazo zinakitambua kimeng'enya pale tu kinapokuwa kimeshika kalsiamu, kwa sababu kalsiamu ndiyo inayokipa umbo wanalolijua. Sasa kijana amechukua damu kwenye kichupa cha kifuniko cha zambarau, chenye EDTA, kemikali ya kuzuia damu isigande, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. EDTA imeifunga kalsiamu yote. Kingamwili inaangalia, haioni kitu. Jibu linaandikwa: hakuna. Mtoto ambaye hana tatizo lolote anaitwa mgonjwa kwa sababu ya rangi ya kifuniko!

Halafu joto. Nani hapa hakumbuki Unguja ilivyokaa gizani kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010? Sisi Pemba tulikuwa tunawacheka kidogo na majenereta yetu ya Wesha, kisha mwaka 2010 tukaletewa na sisi umeme wa waya wa baharini kutoka Tanga. Umeme umetulia kuliko zamani, alhamdulillahi, lakini friza haiulizi. Kingamwili ikiyeyuka, ikaganda, ikayeyuka tena, inachoka, na haitoi harufu ya kukuarifu kama samaki. Igawe mara tu inapofika, vichupa vidogo vidogo, kila kimoja cha kutumika mara moja. Na kila siku unayopima, pima pamoja na plazma ya mtu mzima unayoijua na ile isiyo na fakta ya tisa. Zile mbili zisipotoa majibu unayoyatarajia, wagonjwa wote wa siku hiyo wasubiri. Mtalaumiwa. Kubalini lawama.

Lakini haya yote ni bure ikiwa damu yenyewe imeharibika njiani, na njia yetu sisi ina bahari katikati.

Damu ya kupima kuganda inaingia kwenye kichupa cha kifuniko cha buluu mpauko, chenye sitreti, nayo pia ni kemikali ya kuzuia damu isigande. Sehemu tisa za damu kwa moja ya sitreti. Mstari uliochorwa pale si pambo. Ukijaza nusu, sitreti imezidi, kipimo cha kuganda kitakuja kirefu na mtoto atapewa ugonjwa asio nao. Ukichoma mara tatu tatu unatafuta mshipa huku mpira umebana mkono dakika tano, kuganda kumeanza ndani ya sindano na vimeng'enya vimeshatumika kabla hujafika benchi. Na barafu! Tumezoea kwamba kitu cha maana kinawekwa kwenye barafu. Damu nzima ya sitreti haitaki barafu. Fakta ya nane inashuka na fakta ya saba inaweza kuamshwa na baridi. Vitabu vinasema nyuzi 18 mpaka 24. Waandishi wake hawajapanda boti ya Mkoani mwezi wa Februari. Basi tufanye nini? Izungusheni hapa hapa Pemba kwenye mashine, tengeni plazma, igandisheni, isafiri ikiwa imeganda. Plazma inasafiri. Damu nzima isisafiri.

Mtaniambia, "Maalim, kingamwili hatuna, mashine ya kusomea majibu yake, ile ya sahani ya visima 96, iko moja, na wewe unatuhubiria Padua." Mna haki. Kwa hiyo nimeliacha la mwisho hili, ambalo halihitaji kichupa cha mamia ya dola.

Biggs na Macfarlane hawakuwa na kingamwili. Walikuwa na maji ya moto ya nyuzi 37, vichupa vya kioo na saa. Kipimo cha APTT, kile cha muda wa kuganda kwa njia inayohitaji fakta ya nane na ya tisa, kikija kirefu, na PT, kipimo cha njia nyengine ya kuganda, ikija sawa, chukua plazma ya mtoto, changanya nusu kwa nusu na plazma ya mtu mzima mwenye afya, rudia APTT. Ikirudi kawaida, mtoto amekosa kitu, na mtu mzima amemkopesha. Isiporudi, kuna kitu ndani ya damu kinazuia, nayo ni habari nyengine kabisa. Unaweza kujua hivyo hapa hapa, kabla ya adhuhuri. Kisha ndipo upeleke plazma iliyogandishwa kunakopimwa kazi ya fakta ya nane na ya tisa. Na kunakopimwa kazi pakishasema kazi ni ndogo, hapo sasa shahidi wetu ana faida kubwa: atakwambia kama kimeng'enya hakitengenezwi kabisa, au kinatengenezwa kibovu. Kipimo cha kazi kitangulie, kingamwili ifuate. Wengi tunaanza na kingamwili kwa sababu rangi yake inapendeza, buluu inayogeuka manjano ukitia asidi.

Nilianza kuwaeleza habari za Stephen Christmas, na sikumaliza. Alikua, akawa mpiga picha, akaishi kwa damu za watu maisha yake yote, kwa kuwa ndiyo tiba iliyokuwepo. Damu hizo zikamtia virusi vya Ukimwi. Akawa mmoja wa waliosimama Canada kudai haki za walioambukizwa kwa njia hiyo. Mwaka 1992 Marekani iliidhinisha dawa ya fakta ya tisa iliyosafishwa kwa kingamwili: plazma inapitishwa juu ya kingamwili zilizofungwa mahali pamoja, zinamshika fakta ya tisa peke yake, vyengine vyote vinapita. Ni shahidi yule yule, amepewa kazi nyengine. Stephen alifariki Disemba 1993.

Wakunga, fomu ya maabara ina sehemu ya historia ya mgonjwa, na mara nyingi inakuja tupu. Andikeni mambo matatu: alitokwa damu kiasi gani alipotahiriwa au kitovu kilipodondoka, mjomba yeyote upande wa mama, dawa gani anakunywa. Kwa mwandiko unaosomeka, tafadhalini. Na nyinyi vijana wa maabara, fomu ikija tupu msiirudishe kwa jeuri; pigeni simu muulize.

Plazma za kufanyia mazoezi ya kuchanganya zipo kwenye friza, na Jumatatu saa mbili asubuhi tutazitumia zote. Anayetaka kuja, aje na koti lake na saa ya mkononi, kwa sababu ya ukutani imesimama tangu Ramadhani na hakuna aliyeitia betri. Haya, maswali. Tuanze na akina mama huko nyuma, walionyoosha mikono tangu nilipomtaja mjomba.